Sarafu za Falme za India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaoyarudia: aliyerithi kasha la bibi, aliyenunua kidani sokoni, na kijana aliyeona jengo la Charminar kwenye rupia akataka kujua ilitoka nchi gani. Majibu yanaanza na mambo ya msingi. Ukiwa tayari na sarafu mkononi, ruka hadi sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Falme hizi zilikuwa nini hasa?

Watu wengi hudhani Waingereza waliitawala India yote moja kwa moja. Sivyo. Sehemu kama mbili kwa tano za ardhi ya Bara Hindi zilibaki mikononi mwa wafalme wenyeji, na kufikia 1947 falme hizo zilizidi 550. Hyderabad ilikaribia ukubwa wa kisiwa kizima cha Uingereza, huku baadhi ya falme za rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India, zikiwa vijiji vichache tu.

Mtawala alikuwa na sheria zake, kodi zake na mara nyingi askari wake, lakini mambo ya nje na ulinzi yalikuwa ya Waingereza. Kwenye falme kubwa mwakilishi wao alikaa karibu na kasri. Watawala wenyewe walikuwa na vyeo mbalimbali: maharaja, maharana wa Mewar, nizam wa Hyderabad, nawabu, maharao wa Kutch kwenye pwani ya magharibi. Bhopal ilitawaliwa na mabegum, mama akimrithisha binti, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20.

Je, zote zilipiga sarafu zao?

Hapana, nyingi hazikuwahi. Na zilizokuwa na haki hiyo ziliipoteza moja baada ya nyingine: Mysore, kwa mfano, iliacha mwaka 1843. Chache ziliendelea mpaka mwisho kabisa, na mbili zinazoongoza ni Hyderabad na Kutch. Ndiyo maana zinatajwa sana katika ukurasa huu.

Kwa nini rupia nyingi zina jina la mfalme aliyekwisha kufa zamani?

Swali hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Katika desturi ya Kiislamu mambo mawili yalimtangaza mtawala: jina lake kutajwa kwenye hotuba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa kwenye sarafu. Dola ya Mughal, yenye makao yake Delhi, ilipodhoofika katika karne ya 18, watawala wa mikoa walijitegemea kwa kila kitu, ila wengi hawakuthubutu kulitoa jina la Delhi kwenye fedha zao. Wakaliacha, kwa kuwa lilikuwa dhamana ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeikataa.

Kwa hiyo utakuta jina la Shah Alam wa Pili, aliyetawala kuanzia 1759 hadi 1806, kwenye rupia zilizopigwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Watawala hao wanaweza kuwa Wahindu, Waislamu, Wamaratha au Marajput. Imani yao haikubadilisha hesabu: jina lililozoeleka ndilo lililopita sokoni.

Kutch ilikwenda mbali zaidi. Sarafu yake, kori, ilibeba jina la Muzaffar wa Tatu, sultani wa mwisho wa Gujarat, na mwaka 978 wa Hijria. Ufalme wa Muzaffar ulitwaliwa na Akbar, mfalme wa Mughal, mwaka 1573, lakini kori zenye jina lake ziliendelea kupigwa karne baada ya karne, si Kutch tu bali hata kwa majirani zao Nawanagar.

Mambo yaligeuka baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Bahadur Shah wa Pili, Mughal wa mwisho, alipelekwa uhamishoni Rangoon, na jina lake likaondolewa kwenye sarafu. Hyderabad iliweka jina la nizam mwenyewe. Jaipur na nyingine ziliweka la Malkia Victoria. Ukitaka kujua nani aliyejiona bwana wa nani, soma jina kwanza.

## Kuisoma sarafu

Nina sarafu mkononi. Nianzie wapi?

Anza na maandishi. Hati ya Kiajemi, ambayo kwa macho ni kama ya Kiarabu, ilitumiwa karibu kila mahali. Devanagari, yenye mstari juu ya herufi, ni ya kaskazini na magharibi. Ukiona upande mmoja hati ya Kiajemi na wa pili Devanagari, fikiria Kutch kabla ya pengine popote.

Halafu tafuta alama, kwani kila kiwanda cha sarafu kilikuwa na yake. Tawi lenye vijitawi sita ni Jaipur. Kome la baharini, lile la kupuliza, ni Travancore, kusini kabisa mwa India. Lingamu (jiwe la ibada la mungu Shiva) pamoja na jani la mti wa bilva ni Maheshwar, mji wa malkia Ahilya Bai Holkar. Jambia pana la kushikwa kwa ngumi, lenye mkuki wa meno matatu na hilali pembeni, ni Kutch.

Kisha pima. Rupia ya Waingereza kuanzia 1835 ina gramu 11.66, yaani tola moja kamili. Kori ya Kutch haifiki gramu 5. Mizani ndogo ya sonara inatosha, na itakuepusha na makosa mengi yaliyoelezwa katika sehemu ya mwisho.

Nichukue mfano. Mbele yangu hapa ipo kori moja, ndogo, imenenepa kidogo, ya fedha iliyofifia kuwa kijivu. Aliyesoma chuoni Lamu au Unguja atausoma uso wake bila taabu: jina la Edward wa Nane, Qaisar-i-Hind, zarb Bhuj, 1936. Qaisar-i-Hind ni kaisari wa India. «Zarb» ni pigo, maana yake imepigwa Bhuj, mji mkuu wa Kutch. Nikiigeuza nakuta Devanagari: Maharao Shri Khengarji, na mwaka 1993. Mfalme wa London upande mmoja, mwenye nyumba upande wa pili, na kila mmoja na kalenda yake.

Mbona mwaka unasema 1993, au 1985, ilhali sarafu ni ya zamani?

Hiyo ni Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu iliyotangulia ya Miladia kwa miaka 57 au karibu yake. Ondoa 57: 1993 inakuwa 1936. Fedha ya Mewar yenye mwaka 1985 ni ya 1928, na imewahi kumchanganya zaidi ya muuzaji mmoja.

Kalenda nyingine utakazokutana nazo: Saka, unaongeza 78, Kollam ya Travancore, unaongeza 824 au 825, na Hijria, ambayo msomaji wa pwani haihitaji kuelezwa. Juu ya hizo kuna mwaka wa kutawala, yaani mwaka wa ngapi tangu mfalme akalie kiti. Angalia pia tarakimu zenyewe: nne, tano na sita za Kiajemi hazifanani sana na za Kiarabu tulizozizoea kwenye misahafu.

Tahadhari moja: mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kupigwa. Kumbuka 978 ya kori.

Namba 92 kwenye sarafu za Hyderabad ni ya nini?

Ni hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake. Mim ni 40, ha ni 8, mim tena 40, dali ni 4. Jumla 92: Muhammad. Wafua na waandishi wa Hyderabad waliliweka jina la Mtume kwa tarakimu, na likakaa humo mpaka sarafu za mwisho.

Kwenye sarafu hizo hizo, zile za mashine zilizoanza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuonyesha jengo la Charminar, tazama ndani ya lango la katikati. Ukiona herufi mim, ni ya nizam Mahbub Ali Khan. Ukiona ain, ni ya Osman Ali Khan, nizam wa mwisho, aliyetawala kuanzia 1911. Herufi ni ndogo mno. Elekeza taa kutoka ubavuni, isiwe juu, na kivuli chake kitaichomoza.

Kwa nini maandishi yamekatwa, kama sarafu haikutosha?

Kwa sababu haikutosha kweli. Mfua alikuwa na chapa mbili za chuma. Moja aliisimika chini, kipande cha fedha akakiweka juu yake, ya pili akaishika mkononi na kuigonga kwa nyundo. Chapa zilikuwa pana kuliko kipande, hivyo kila pigo lilinasa sehemu tu ya maneno. Rupia mbili zilizotoka chapa moja siku moja zinaweza kuonyesha maneno tofauti. Si kasoro, wala haipunguzi thamani peke yake. Wenye subira huweka vipande viwili vitatu pamoja na kuunganisha sentensi nzima.

Zipo chache zenye maandishi kamili kwenye bamba pana. Hizo ni nazarana, za kumtunukia mfalme barazani. Ni nadra na zinaghushiwa sana.

## Hesabu ya fedha

Rupia moja iligawanywaje?

Rupia 1 ni ana 16. Ana 1 ni pesa 4, au pai 12. Kwa hiyo rupia ni pesa 64. Wazee wa Afrika Mashariki waliijua hesabu hii kwa moyo, maana rupia ilikuwa fedha yetu pia: Zanzibar, Kenya na Uganda, na Wajerumani nao walipiga rupia yao ya pesa 64 kabla ya kuigawa heller 100 mwaka 1904. Maneno yamebaki vinywani mwetu: pesa, hela, laki, hundi, tola.

Kila ufalme ulifuata hesabu hiyo?

La. Kutch ilihesabu kwa kori, na kori moja ilikuwa dokdo 24. Chini yake trambiyo, nusu ya dokdo. Juu yake dhinglo ya dokdo moja na nusu na dhabu ya dokdo tatu, zote za shaba. Panchio, sarafu kubwa ya fedha, ilikuwa kori 5. Kori zipatazo nne kasorobo zililingana na rupia moja ya Waingereza.

Travancore ilikuwa na chakram, kichembe cha fedha chepesi kuliko nusu gramu. Ilihitajika chakram 28 na nusu kupata rupia moja. Hebu fikiria karani anayelipwa kodi ya kijiji kwa vichembe hivyo! Walitumia ubao wenye vishimo kwa mistari: unamwaga chakram, unautikisa, kila kishimo kinameza moja, zilizozidi unazipangusa. Ubao ukijaa, hesabu tayari. Kwangu mimi hicho ni kifaa kizuri kuliko sarafu zenyewe.

Rupia ya Hyderabad ilikuwa sawa na ya Waingereza?

Ilikuwa nyepesi kidogo kwa thamani. Iliitwa Hali Sicca, na rupia 7 zake zilikaribia 6 za Waingereza. Ufalme huo ulikuwa na noti zake pia, kuanzia 1918.

## Falme na Waingereza

Waingereza walikubalije fedha nyingine ndani ya India?

Kwa muda, na shingo upande. Mwaka 1835 Kampuni ya Mashariki ya India ilisawazisha rupia yake katika maeneo yote iliyotawala. Mwaka 1876 ikatungwa sheria iliyoziruhusu falme kupigiwa sarafu na viwanda vya serikali, kwa uzito na ubora ule ule wa rupia ya Waingereza, mradi wafunge viwanda vyao kwa miaka iliyokubaliwa. Alwar ilitangulia: rupia yake ya 1877 ina sura ya Victoria upande mmoja na jina la Maharaja Mangal Singh upande wa pili. Bikaner ilifuata njia hiyo mwaka 1892.

Pigo kubwa lilikuja 1893. Bei ya fedha duniani ilikuwa inaporomoka, na serikali ikavifunga viwanda vyake kwa mtu binafsi aliyetaka kupigiwa rupia. Toka hapo rupia ya Waingereza ikawa na thamani kubwa kuliko fedha iliyo ndani yake, lakini rupia za falme zikashuka pamoja na madini. Mfanyabiashara aliyelipwa kwa fedha ya ufalme alipoteza kila alipovuka mpaka. Falme nyingi zikaacha kwa hiari yao, kama hiari ndiyo neno lenyewe.

Ni kweli kuna sarafu iliyoandikwa «Urafiki na London»?

Kweli kabisa. Maharana Swarup Singh wa Mewar, aliyetawala 1842 hadi 1861, hakuweka jina la Mughal, la malkia, wala lake. Upande mmoja aliandika Chitrakut Udaipur, mji mkuu wa kale wa Mewar na ule wa wakati wake, na upande wa pili «Dosti Landhan», urafiki na London. Rafiki si mtumwa. Naona hayo ndiyo maneno mawili yaliyopimwa vizuri kuliko yote katika fedha za India. Yalirudiwa kwenye fedha ya mashine ya 1928, ile yenye mwaka 1985, pamoja na picha ya ngome na vilima.

Kwa nini wakusanyaji wanazitafuta za 1936?

Edward wa Nane alijiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya sarafu zenye sura yake kuanza kutumika Uingereza. Serikali ya India haikutoa hata moja kwa jina lake. Kutch na Jodhpur zilikuwa zimekwisha kupiga zao, kwa kuwa zilihitaji jina tu na si picha. Na hata kwetu zipo: senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za 1936, zenye tundu katikati. Huenda unayo kwenye droo ya jikoni.

## Kutch na pwani yetu

Je, kori zilitumika Zanzibar?

Kori ilikuwa pesa ya nyumbani. Biashara ya Unguja ilihesabiwa kwa riale za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha za Austria, na baadaye rupia. Lakini waliozihesabu mara nyingi walikuwa watu wa Kutch. Jahazi zilitoka Mandvi, bandari ya Kutch, na kaskazi, zikarudi na kusi. Kampuni ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi katika karne ya 19. Baadaye ikashikwa na Taria Topan, naye mzaliwa wa Kutch. Kori walizokuja nazo hazikuwa mtaji. Zilikuja ndani ya masanduku ya maharusi na kwenye mikufu, na ndiko zinakopatikana hadi leo.

Watu hao walikuwa raia wa nani?

Swali hili lilikuwa la moto. Maharao wa Kutch alikuwa chini ya mkataba na Waingereza tangu 1819, hivyo balozi mdogo wao Zanzibar alidai watu wa Kutch wako chini ya ulinzi wake. Wengine walijiita watu wa Sultani, na mojawapo ya sababu ilikuwa utumwa: anayehesabiwa chini ya Uingereza hakuruhusiwa kumiliki watumwa. Balozi Rigby, mwaka 1860, alilazimisha Wahindi wa Zanzibar kuwaacha huru waliokuwa mikononi mwao. Ile hali ya majina mawili kwenye sarafu moja ilikuwa imefika mpaka barazani Forodhani.

## Mwisho wa falme

Sarafu zilikwishaje?

Mwaka 1947 waziri Sardar Patel na katibu wake V. P. Menon walizivuta falme kujiunga na India, moja moja. Hyderabad ilikataa, na jeshi la India likaingia Septemba 1948. Hata hivyo rupia yake ilikawia, ikatumika sambamba na ya India kwa muda, na ikafutwa kabisa 1959. Bahawalpur, yenye sarafu za sura ya nawabu wake, ilijiunga na Pakistani.

Kutch iliaga kwa namna yake. Maharao Madansinhji alipiga kori iliyoondolewa jina la mfalme wa Uingereza. Mahali pake aliweka maneno mawili: Jai Hind, yaani ushindi kwa India.

## Kununua, kutunza na kuepuka hasara

Nitajuaje ya bandia?

Pima kwanza (angalia «Nianzie wapi?»). Jaribu sumaku: fedha na shaba hazishikwi. Tazama ukingo, kwani iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono na vitundu vidogo vya hewa. Na ukiuziwa kipande cha shaba chenye Hanuman au Rama, jina la Kampuni ya Mashariki ya India na mwaka kama 1818, ukiambiwa kinavuta mchele na kina nguvu za ajabu, ondoka. Ni ya kutengenezwa juzi, na watu wamelizwa akiba zao nzima kwa hadithi hiyo.

Niisafishe?

Usiisafishe. Niliwahi kuisugua kori ya kwanza niliyopewa kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sufuria. Ikang'aa, na ile rangi ya kijivu iliyojengwa kwa miaka zaidi ya mia ikaenda na maji, pamoja na ncha za herufi. Vumbi liondoe kwa maji safi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua, na usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki laini unaonata.

Naweza kununua India nikaja nazo?

Kwa sheria ya India ya 1972 kuhusu vitu vya kale, sarafu yenye umri wa miaka 100 au zaidi hairuhusiwi kutolewa nje na mtu binafsi. Muuzaji wa mtaani hatakwambia; ofisa wa forodha ndiye atakayekwambia.

Ya bibi imetobolewa na ina kikonyo. Niipeleke kwa sonara aiyeyushe?

Sokoni tundu huishusha bei sana, hilo ni kweli. Lakini fedha ya kori moja ni kama gramu 3 tu, na sonara atakulipa gramu hizo na si zaidi. Kabla hujaamua, muulize aliye mkubwa nyumbani ilivaliwa na nani, ilitoka Mandvi au Porbandar, ilikuja na harusi ya nani. Andika majibu kwenye karatasi, weka pamoja na sarafu. Na usikiondoe kikonyo: namna kilivyochomelewa huonyesha kazi ya fundi, na mara nyingine fundi huyo alikuwa wa hapa hapa.